Mita Mia Tatu Kaskazini

Nilimwona Zita kabla yeye hajaniona. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha chakula pale Nyakanazi, mgongo umenyooka, mikono yote miwili juu ya begi la nguo, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Kando yake alikaa shangazi yake Domisiana, mwanamke mpana mwenye rozari shingoni, akila ndizi na maharage kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukata tiketi.

Basi la Kahama lilikuwa linatoka upande wa Bukoba na lingepita hapo saa sita. Saa yangu ilisema saa tano na dakika ishirini. Nilikuwa nimetoka Ngara kwa pikipiki tangu alfajiri, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, na njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia. Nilipolifikia lile benchi, yote yalikuwa yameniacha.

"Shikamoo, shangazi."

Domisiana alimeza kwanza. "Marahaba. Wewe ndiye yule wa Biharamulo?"

"Ndiye mimi."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Jumapili? Nilikuwa kazini, shangazi. Murukulazo. Tunapima mipaka ya vijiji."

"Kazini." Alimgeukia Zita. "Umesikia, mama? Mwenzio alikuwa kazini."

Zita aliinua macho. Miaka miwili nimeyaona macho yale yakicheka, yakisinzia, yakinikaripia. Sikuwahi kuyaona yakinitazama hivi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyohama.

"Umefuata nini, Leonidas?"

"Nimekufuata wewe. Wifi yako Tecla ameniambia jana jioni kwamba unapelekwa Kahama kwa mchumba."

"Sipelekwi. Naenda."

"Kwa Philbert?"

"Kwa Philbert. Ana duka, ana baba, ana mama, ana wajomba. Jumamosi wanakuja nyumbani kwa shangazi kujitambulisha." Alilivuta begi karibu. "Wenzako wakiambiwa njooni, wanakuja."

"Mimi nani aliniambia njoo?"

"Mimi!" Sauti yake ilipasuka, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa anakunywa chai akageuka. "Mimi nilikuambia. Nilikuandikia kila kitu nikakuwekea kwenye kopo. Na namba nikakupa."

"Namba nilizifuata. Hapakuwa na kopo, Zita."

"Usinidanganye mbele ya shangazi yangu."

"Sijawahi kukudanganya hata siku moja."

"Basi leo umeanza."

Niliona ni heri angenipiga.

Nieleze habari ya kopo, maana bila hiyo mambo yetu hayaeleweki. Mimi na Zita tulikutana kwenye mradi wa kuhesabu miti iliyopandwa kwenye shule za Ngara. Mimi nilipewa GPS ya mkononi, kidude cha kijani chenye ukubwa wa kiganja. Yeye alipewa programu ya ramani kwenye simu. Ili tuvizoee vifaa, mkufunzi wetu alitufundisha mchezo. Alificha makopo porini, akatupa namba za mahali, akasema nendeni mkayatafute. Alituambia duniani kuna watu wengi wanaoucheza. Mmoja anaficha kopo lenye kijidaftari ndani na kuandika namba za mahali pake mtandaoni. Mwingine anakuja hata kutoka mbali, analitafuta, anaandika jina lake na tarehe, kisha analirudisha palepale alipolikuta.

Mradi uliisha. Sisi hatukuacha. Zita anaficha, mimi natafuta. Wiki ijayo mimi naficha, yeye anatafuta. Vilima vya Bugarama tulivijaza makopo ya kahawa. Na tulikuwa na kanuni moja tu, ambayo yeye ndiye aliyeitunga: simu inakufikisha kijijini, GPS inakufikisha mlangoni, na usianze kutafuta mpaka vyote viwili vimekubaliana.

Baba yake, mzee Ndikuriyo, aliposikia kwamba binti yake anapendwa na mtu anayetembea porini akitafuta makopo, alicheka. Aliposikia kwamba mtu huyo alilelewa na bibi yake tu, hana baba wala mama, hakucheka tena. "Nyumba yake nitagonga mlango gani siku binti yangu akilia?" ndilo neno alilosema. Kaka yake Zita, Venance, akaitoa laini kwenye simu ya dada yake na kuiweka mfukoni mwake.

Simu isiyo na laini haipigi, lakini satelaiti bado inaziona. Zita akaenda kuficha kopo. Tecla, mke wa Venance, alikataa kubeba barua. "Nikikutwa na barua yako nitarudishwa kwetu, wifi." Lakini karatasi yenye namba tupu alikubali kuibeba. Angeulizwa, angesema ni vocha iliyokwisha kutumika.

Karatasi ile ilinifikia Jumatano ya wiki iliyopita. Alhamisi nikapanda kilima na GPS yangu. Nilifika kwenye namba zile hadi kidude kikaandika sifuri. Nikageuza mawe yote, nikafukua kwa panga, nikaingiza mkono kwenye mashimo ya panya. Ijumaa nikarudi tena. Hakuna. Nikamwendea Tecla; akaniambia nisimsogelee, mumewe ameanza kuuliza maswali. Nikakaa juu ya jiwe mpaka jua likanichoma, nikasema moyoni: kumbe ndivyo alivyoamua kuniaga. Amenipa namba ya mahali pasipo na kitu.

Sasa alikuwa ameketi mbele yangu akilia kwa hasira, na machozi yale hayakuwa ya mtu aliyeniaga.

"Kwenye kopo uliandika nini?" niliuliza polepole.

"Sasa ya nini?"

"Niambie, Zita."

Domisiana ndiye aliyejibu. "Aliandika kwamba kaka yangu amekubali kukusikiliza, ingawa Venance alikuwa bado ameishikilia laini. Uje Jumapili baada ya misa, na wazee wawili wa kwenu. Mimi nilikuwepo. Pombe ya rubisi ilichujwa. Viti vitatu viliwekwa barazani. Tukakaa. Watu wakitoka kanisani wanapita njiani, wanaviangalia vile viti. Saa nane, saa tisa. Saa kumi kaka yangu akanyanyuka, akaviingiza ndani yeye mwenyewe, kimoja kimoja. Hakutaka asaidiwe." Alisukuma sahani yake. "Mzee wa miaka sabini, kijana. Mbele ya majirani."

Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Shangazi, naapa..."

"Usiape. Viapo vya wanaume nimevizika vingi, pamoja na wenyewe."

"Nilifika kwenye zile namba. Nilifika! Kidude kiliandika sifuri."

"Na simu yako ilisemaje?" Zita aliuliza ghafla.

"Simu iko kwa fundi, kioo kimevunjika. Natumia kitochi, hakina ramani."

"Kwa hiyo ulikwenda na GPS peke yake."

"Ndiyo."

"Na kanuni?"

Zita akafungua begi, akatoa simu yake na kuiweka mezani kwa kishindo. "Toa kidude chako. Tusiendelee kusema. Toa!"

Nikakitoa. Tukaviweka kando kwa kando, katikati ya sahani ya ndizi na kopo la chumvi, tukasubiri vione anga. Bonifasia, mwenye kibanda, akaja kusimama juu yetu na kikombe mkononi.

"Mnaipima meza yangu? Haiuzwi."

Hakuna aliyecheka. Zita aliinamisha kichwa. Nywele zake zilinigusa shavu, na nilisikia harufu ya mafuta ya nazi niliyoizoea, nikafumba macho kwa nukta moja tu kama mwizi.

"Soma ya kwako," alisema.

"Kusini, tatu nukta sifuri sita moja tatu."

Zita aliisogeza simu karibu na macho.

"Zita? Soma ya kwako."

"Tatu nukta sifuri sita," alisoma, "nne moja."

"Rudia."

"Nne moja, Leonidas. Si moja tatu. Nne moja."

Vifaa viwili, meza moja, na kila kimoja kilikuwa kinasema tuko mahali pengine. Nikaingia kwenye mpangilio wa kile kidude, nikashuka mstari baada ya mstari, na hapo nikaliona kosa langu likiwa limeandikwa wazi kwa herufi ndogo.

"Murukulazo," nilisema. "Mungu wangu. Ni Murukulazo."

"Murukulazo kuna nini?"

"Wiki mbili zilizopita mpima ardhi alileta ramani za zamani, zilizochapwa kabla sijazaliwa. Zile zina mahali pake pa kuanzia kuhesabu, satelaiti zina pake. Nilibadilisha GPS ili ikubaliane na ramani. Nikasahau kuirudisha. Namba zako zilikuwa sahihi, Zita. Mimi nilizisoma kwa hesabu nyingine."

"Tofauti ni kiasi gani?"

"Mita mia tatu. Na kidogo."

"Upande gani?"

"Kopo lako liko kaskazini kwangu. Ng'ambo ya ule mgongo wa kilima. Siku mbili nilikuwa nafukua upande huu, nalo liko upande wa pili."

Zita aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalianza kutikisika, sikujua kama ni kilio au kicheko, na nadhani na yeye hakujua. "Mita mia tatu," alisema ndani ya vidole. "Ningekuita ungesikia."

Domisiana alikuwa ametuangalia muda wote huo. Sasa alivuta vifaa vyote viwili mbele yake. "Irudishe hiyo mashine kama ilivyokuwa. Hapa hapa, nikiona."

Nikairudisha. Namba zikayumba kidogo, kisha zikatulia. Aliziangalia za simu, akaziangalia za GPS, akazipitia kwa kidole moja baada ya nyingine.

"Zimefanana," alisema.

"Zimefanana, shangazi."

"Mimi nimeuza kahawa miaka thelathini. Mizani ikikosea, huwezi kumwita mkulima mwongo. Lakini mizani ni ya nani? Nani alitakiwa kuikagua asubuhi?"

"Mimi."

"Basi kosa ni lako."

"Ni langu."

Nadhani lilimshangaza, jibu lile. Kabla hajasema lingine, basi likapiga honi kutoka barabara ya Biharamulo, likaingia likitimua vumbi, na kondakta akaruka kabla halijasimama. "Kahama! Kahama! Dakika tano!"

"Shangazi," Zita alisema. "Turudi nyumbani. Nakuomba."

"Turudi tukaseme nini? Kwamba ni mashine? Kaka yangu ameaibishwa barazani kwake. Nikimwambia habari ya namba atasema na mimi nimelewa."

"Shangazi, nampenda."

"Hilo najua. Na baba yako alilijua, ndiyo maana aliweka viti." Alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Wageni wa Jumamosi nimewaita mimi. Siwezi kuwaacha wakute mlango umefungwa bila neno la baba yako. Panda gari."

Nilishika kamba ya begi la Zita. Sikulivuta, nilishika tu.

"Liko pale bado, shangazi," nilisema. "Kopo. Lina barua yenye tarehe, kwa mwandiko wake. Nikimpeleka mzee akaliona kwa macho yake?"

Domisiana alinitazama usoni kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu. "Watu wa Philbert watakula, watakunywa, watasema yao. Neno la kuwajibu nitalishika hadi Jumamosi jioni. Kaka yangu akinipigia kabla ya hapo, kwa mdomo wake mwenyewe, nitasikia. Mdomo wako sitausikia. Wala wa Tecla." Akanitajia namba yake ya simu mara mbili, nikaiandika kwenye kiganja.

Zita alinisukumia simu yake kifuani. "Chukua. Mahali nilipoweka pamehifadhiwa humo ndani. Nenda na vyote viwili."

"Zita..."

"Vyote viwili, Leonidas! Na usianze kutafuta mpaka vimekubaliana." Vidole vyake vilibaki juu ya vyangu. "Mle kwenye barua nimeandika jambo la baba ambalo hakutaka mtu alijue. Akilisikia linasomwa, huenda akanichukia."

"Nilirudishe kopo bila kuisoma?"

Aliangalia basi, akaniangalia mimi. "Hapana. Afadhali anichukie nikiwa nyumbani."

Akapanda. Alikaa dirishani upande wa pili, kwa hiyo sikuona uso wake tena, niliona tu kisogo, na mkono ukishika kiti cha mbele. Basi likaondoka. Bonifasia akaniwekea chai ambayo sikuiagiza, akasema, "Kunywa, baba. Meza imekwisha kupimwa."

Ijumaa asubuhi nilimkuta mzee Ndikuriyo akipalilia kahawa nyuma ya nyumba. Nilimwamkia mara tatu. Ya tatu aliitikia kwa kukohoa.

"Umekuja na wazee?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kukuomba mita mia tatu."

"Za shamba langu?"

"Za kutembea. Kutoka kwenye lile jiwe la mlimani kwenda upande wa pili. Kama nitakachokuonyesha hakipo, sitapita tena njia ya nyumba yako. Hata msibani."

Alitazama jembe lake. Alilichomeka ardhini, akatangulia.

Juu ya kilima tulipita mashimo niliyoyafukua. Aliyaangalia moja moja. "Wewe ndiye uliyechimba haya?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilidhani ni nguruwe pori."

Tukavuka mgongo wa kilima. Mkono mmoja nilishika simu ya Zita, mwingine GPS. Mita themanini. Mita arobaini. Mvua zilikuwa zimenyesha Jumatatu na Jumanne, na upande ule maji yalikuwa yamechimba vijifereji vipya. Mbuzi wa mtu walikuwa wanakula palepale. Mita kumi na mbili. Nilianza kusali kimoyomoyo, bila maneno, kama ninavyosali nikivuka mto. Simu ikasema tumefika. GPS ikasema bado mita nne. Nikasimama.

"Nini tena?" mzee aliuliza.

"Nasubiri zikubaliane."

Alishusha pumzi, lakini akasubiri. Zikakubaliana mbele ya jiwe bapa lililoegemea jingine. Sikuinama. "Mzee, fungua wewe."

Alipiga magoti kwa taabu, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Uso wake haukuonyesha kitu. Kisha nikasikia bati likigonga jiwe.

Kopo lilikuwa kavu ndani. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akanipa. "Miwani iko nyumbani. Soma."

Nikasoma. "Leonidas, baba amelegea. Amesema hata mtu asiye na baba ana wazee, alete wawili Jumapili baada ya misa, nitamsikiliza. Jana alinikuta..." Nikakwama. Mstari uliofuata ndio alioniambia Zita.

"Soma."

"Mzee, hapa..."

"Soma yote. Kilichoandikwa hapo nakijua, nilikuwepo."

"Jana alinikuta nalia ghalani. Akakaa chini kwenye gunia, akalia na yeye. Sijawahi kumwona akilia. Usimwambie mtu. Njoo, Leonidas. Usipokuja Jumapili, sitakuwa na neno tena la kusema nyumbani kwetu."

Mbuzi alikohoa kama binadamu. Mzee alikuwa bado amepiga magoti, mkono umeshika jiwe.

"Kiti cha tatu nilikiazima kwa katekista," alisema. "Bado sijakirudisha. Naogopa ataniuliza." Alilipangusa kopo kwa mkono mwingine. "Wazee wa kwenu wapo?"

"Wapo, mzee. Kaka yake marehemu bibi, na mwenyekiti wetu wa jumuiya. Wako tayari tangu jana. Nilitaka kwanza nije mwenyewe nikutane na hasira yako."

Alininyooshea mkono, nikamwinua. "Namba ya Domisiana unayo?"

Nilifungua kiganja. Wino ulikuwa umefifia kwa jasho, lakini ulisomeka. Nikabonyeza kwenye kitochi. Hakikuita. Nilipoangalia kioo, kilikuwa kimeandika mtandao wa Burundi, kama kawaida ya upande ule wa kilima.

"Mtandao wetu haupo hapa, mzee. Mpaka kule juu."

"Kule juu wapi?"

"Kwenye mashimo yangu."

Aliangalia mteremko tulioushuka. Alikuwa na miaka sabini na magoti mabovu, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Akakichukua kile kitochi mkononi mwangu, akaanza kupanda bila kunisubiri. Mimi nilibaki nyuma kidogo, kwa sababu kulikuwa na jambo moja la kumaliza. Nikafungua kijidaftari kilichokuwa ndani ya kopo, nikaandika jina langu na tarehe chini ya mwandiko wa Zita, nikalirudisha kopo chini ya jiwe.

Nilipomfikia alikuwa amesimama katikati ya mashimo, kitochi sikioni, pumzi zikimpiga. Ilikuwa inaita. Iliita hadi ikakatika. Akanipa, nikapiga tena, nikamrudishia.

Ikaita mara moja. Mara mbili. Mara ya nne mtu akapokea, na hata mimi niliyesimama pembeni niliisikia sauti, haikuwa ya Domisiana.

"Haloo?" alisema Zita.

Mzee akageukia upande wa barabara ya Nyakanazi, kana kwamba angeweza kumwona kutoka pale.

"Mwanangu," alisema. "Mpe shangazi yako simu. Mwambie ni mimi mwenyewe."